Makali ya Shinuna

Nilianza na visu. Visu vya machinjio ya Wadi Kabir,
mashoka ya mifupa, mikasi ya mafundi wa Ruwi
inayokata kanzu na sare za shule bila kubagua.
Kisha msichana akaingia dukani, viatu viwili
vimening'inia shingoni kwa kamba zake,
akaniuliza, kwa Kiswahili cha kwao Mabela,
"Ami Mbaruku, hivi unaviweza?"

Sikuwahi kuona chuma cha namna ile.
Hakina ncha. Kina mfereji katikati
na kingo mbili, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto,
kama sisi, wenye lugha mbili katika mdomo mmoja.
Nikaviharibu.
Akaanguka mara kumi na moja, akarudi kunihesabia,
kidevu kina damu, anacheka:
"Umenoa vya kukatia vitunguu."

Ndipo nikaenda kuona.
Nje nyuzi arubaini na saba, lami inang'ang'ania kandambili.
Ndani, chini ya duka la udi na duka la simu, barafu.
Nikavuta mikono ya kanzu mpaka kwenye kucha.
Walikuwa wasichana saba na golikipa,
mwalimu wa hesabu kutoka Sur,
anayehesabu kwa sauti kila kisahani kinachompita.
Kiwanja walipewa saa nne usiku,
watoto wa sherehe wakishaondoka,
na puto moja jekundu limegandia kwenye kona.

Mama yake alikuwa akimtumia beti kwenye simu:

*Barafu ya sharubati,*
*si uwanja wa banati;*
*weka magongo kabati,*
*nami nipate kulala.*

Shinuna alinisomea, kisha akavaa kofia ya chuma.

Abu Dhabi walifungwa kumi na nne kwa sifuri.
Doha, tisa kwa moja; na hilo moja
alijifunga beki wao mwenyewe,
lakini limeandikwa.
Mwaka wa nne bega likateguka.
Mwaka wa sita akawa nahodha, na mimi nikawa
najua uzito wake kwa jinsi chuma kilivyolika:
mguu wa kushoto kuliko wa kulia,
maana kushoto ndiko alikogeukia
mabeki wakidhani amekwisha.

Kuwait aligeuka hivyo, zimebaki sekunde thelathini na nane.
Sikuwapo. Nilikuwa nanoa panga la mtu,
redio kimya, simu imeegemea kopo la mafuta.
Nililiona gongo likiinuka, kisha picha ikaganda,
nayo pia ikaganda, loh!
Nikajua kwa kelele za jirani.

Alfajiri mama mtu akaleta ubeti uleule,
amebadilisha neno moja:
*weka medali kabati.*

Zilifuata tatu nyingine. Sizisimulii,
ushindi ukizoeleka hausimuliki.
Nitasimulia kopo la maziwa lililo juu ya rafu yangu,
lenye vyuma vyake vinne vilivyokwisha, vyembamba kama ukucha.
Makocha hawalisemi hili: kila kunoa ni kupunguza.
Anayetaka makali hulipa kwa chuma.

Jumanne amekuja, anachechemea.
Goti. Daktari amesema, na safari hii amesikia.
Akaviweka mezani. "Ami, viondolee makali.
Nataka kuviweka sebuleni, na mwanangu anatambaa."

Miaka thelathini na mbili nanoa.
Hajawahi mtu kuniomba hilo.
Jiwe lilikuwa zito mkononi kama la mtu mwingine.
Ukingo wa kulia ukafa. Wa pili ukafa. Wa tatu.
Ule wa kushoto, wa nje, wa Kuwait,
nikajifanya nimeusahau.

Akapitisha kidole gumba, taratibu, chuma kwa chuma.
Akafika pale. Akakitia kidole mdomoni.
Akanilipa riali moja na nusu, bei ya siku ya kwanza,
akavifunga ndani ya taulo,
mara mbili.